Ufunguo wa Akiba

Waheshimiwa walimwita Bi Waya, kwa sababu siku ya kwanza aliingia ukumbi wa kamati akiburuta waya wa projekta uliokuwa mfupi kuliko chumba. Hakujali. Anayetaka kusikilizwa na wabunge hachagui jina.

Alikuja, kama mtaalamu wa kompyuta, kuwaeleza hatari ya mswada wao, uliotaka kampuni za simu ziipe serikali njia ya kusoma ujumbe wa watu. Ambalo hakuwaeleza ni hili: mdogo wake alikuwa amemtoroka mume, amejificha na watoto wawili mtaa ambao aliujua dada mtu peke yake. Waliwasiliana kwa ujumbe wa simu. Na shemeji huyo, mwepesi wa kofi, alikuwa ofisa wa polisi, kitengo cha mitandao.

Siku hiyo ya kwanza alisema "usimbaji fiche" mara kumi na moja. Nusu ya kamati ilisinzia, na mmoja alikoroma bila haya. Kumpigia mbuzi gitaa kuna nafuu, maana mbuzi angalau hukutazama. Mwenyekiti, mzee mpole mwenye miwani moja machoni na nyingine kichwani, akamvuta pembeni.

"Mwanangu, hebu tuambie kama unavyomwambia bibi yako."

Siku ya pili, mbele ya kamera za wanahabari, akatoa funguo mkobani, akaziinua.

"Ujumbe wako ni nyumba, mheshimiwa. Ina kufuli. Ufunguo unao wewe na uliyemwandikia. Hata kampuni haina."

Wakaamka. Kalamu zikaanza kuandika. Akafurahi, maskini, na furaha ndiyo iliyomponza.

"Na huo wenye uzi mwekundu?" mwenyekiti akauliza.

"Huu? Wa kwa mdogo wangu. Wa akiba." Ulimi ulikuwa umeshamtangulia.

"Akiba," mzee akarudia taratibu. "Yaani akipatwa na jambo, wewe unafungua."

"Ndiyo, lakini amenipa mwenyewe."

"Na sisi wananchi wametupa kura."

Meza zikapigwa, watu wakacheka. Mzee hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo liliuma. Alikuwa ameelewa, ila ameelewa nusu.

"Ufunguo wa ziada huchongwa nakala, mwenyekiti. Mwizi naye atauchonga."

"Hatuuachi chini ya zulia, mwanangu. Utakaa polisi, kitengo cha mitandao."

Bi Waya akashusha mkono wenye funguo. Kusema kwa nini anaogopa kitengo hicho kungekuwa kumtaja mdogo wake mbele ya kamera zile zile. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na yeye alikuwa ameshajikwaa. Akarudisha funguo mkobani.

Mswada ulipita wiki ya tatu. Kifungu cha tisa kilipewa kichwa "Ufunguo wa Akiba". Mwenyekiti akasimama bungeni akamshukuru Bi Waya kwa kuwafumbua macho, na televisheni ikarudia picha yake akiwa ameinua funguo.

Jioni mdogo wake akapiga.

"Nimekuona, dada. Wamekushukuru."

"Nisamehe."

"Huo ufunguo atakaa nao nani?"

Nyuma ya sauti ile watoto walisikika wakigombania kijiko.

"Dada, nakuuliza."

"Kitengo cha mumeo."

"Na umewaonyesha watu wote kwamba wa kwangu unao wewe."

"Ndiyo."

"Basi ameshajua pa kuanzia. Kesho tunahama. Usinipigie, usiniandikie. Nikipata njia nitakutafuta mimi."

"Huko mnakokwenda, mlango una kufuli?"

"Nitanunua jipya. Safari hii sitoi wa akiba kwa mtu."

Simu ikakatika. Bi Waya akaandika neno "pole", akalitazama, kisha akalifuta kabla halijaenda.