Samaki Aliyesamehewa

"Nimemsamehe," alisema Askari, akipangusa glavu zake kwenye suruali.

Tobias alilitazama tundu katika barafu. Maji meusi bado yalikuwa yakitikisika pale samaki wake alipozamia, samaki wa kwanza kumvua kwa mkono wake tangu atoke Homa Bay. Alikuwa amegeuka kidogo tu kutafuta gazeti la kumfungia.

"Umemsamehe? Alikukosea nini?"

"Amejaa mayai, ndugu yangu. Ni mama. Mama tunamsamehe, aende akazae."

Askari, kama alivyojiita mwenyewe, Mmarekani mweusi, alikuwa mpishi katika makao ya wazee kule Adelphi, Marekani, ambako Tobias aliwaogesha wazee na kuwalisha. Kiswahili alikuwa amejifunza darasani jioni, na kila neno alilitoa kwa uangalifu, kama anayepanga sahani za wageni.

"Samaki anaachiliwa, hasamehewi," Tobias alisema. "Na huyu hakuwa wako, bwana, wa kumwachilia."

Leokadia, mkewe, alikuwa anakaribia kujifungua. Nyama ilimtapisha, kuku vilevile. Vipande vya samaki vya supamaketi, visivyo na kichwa wala mkia, alivitazama akauliza ni vya mnyama gani. Alfajiri hiyo, Tobias alipokuwa akifunga viatu, alimwambia, "Niletee samaki mwenye macho."

"Mke wangu ana mimba," Tobias alisema. Sauti yake, ambayo wazee waliipenda kwa upole wake, ilikuwa imepanda. "Hali kitu. Na wewe unamhurumia samaki!"

"Sikujua, ndugu."

"Hukuuliza! Tumepanda milima yote hii, bwawa lenyewe halina hata jirani, vidole vyangu sivisikii, kumbe tunacheza?"

"Ndiyo, ni mchezo," Askari alijibu, akifurahi kulipata neno. "Mchezo wa majira ya baridi."

"Mchezo," Tobias alirudia. "Mimi nimefuata chakula."

Askari aliinamisha kichwa. "Anayefuata ni wako. Ila akiwa mama..."

"Nenda kwenye tundu lako, Askari."

Askari alibeba keekee yake ya kutobolea barafu, akaenda upande wa misonobari. Punde mlio wa chuma kikikwangua barafu ukasikika huko. Tobias aliupa mgongo. Hasira ilimkaa kifuani, na ndiyo pekee iliyokuwa na joto.

Uzi ulishtuka. Aliuvuta kwa mikono, taratibu, bila kuguna, mpaka kichwa kikatokea. Samaki alikuwa mnene, tumbo limevimba na kukaza kama ngoma. Tobias alilipapasa kwa kidole gumba. Akamtazama machoni. Kisha akamtia ndooni, akaifunika kwa kifuniko, akakikalia.

"Umepata kitu, ndugu?" Askari aliita kutoka kule.

"Bado."

Chini yake samaki alipiga teke, akatulia, akapiga tena, vilevile kama mtoto aliye tumboni alivyokuwa akimpiga kiganjani usiku, Leokadia akiwa amelala. Tobias alikaza miguu kwenye barafu, wala hakuinuka.