Kiganja cha Kijiko

Nianze na jambo lisilo na ubishi: Kijiko alimng'ata Profesa. Alimng'ata mkononi, chini kidogo ya kiwiko, meno ya mbele yote yakajichora pale kama muhuri. Nilimchomoa mimi mwenyewe, nikamfokea, nikamkalisha kwenye kiti chekundu. Profesa nikamwekea barafu huku analia mpaka miwani ikajaa ukungu. Kwa hiyo asije mtu akaniambia natetea mng'ataji. Kilichonichemsha damu kilikuja baadaye.

Ni watoto wa miaka mitano. Majina hayo niliwapa mimi: Kijiko kwa sababu siku ya kwanza alikuja ameshika kijiko cha kwao na hakukiachia mpaka saa ya kurudi nyumbani, Profesa kwa ajili ya miwani na maswali. Darasani kwangu wamo watoto kumi na wanane wenye lugha za nyumbani kumi na moja, na yangu si mojawapo. Nikikasirika sana Kiswahili kinanitoka peke yake, na wote wameshajua kwamba wakisikia "ala!" wakae chini haraka.

Ndiyo maana wiki ya kwanza, kabla ya rangi na nyimbo, nawafundisha ishara. Mkono tumboni: nataka chooni. Vidole viwili kifuani: zamu yangu. Kiganja mbele, vidole juu: basi, sitaki. Ukioneshwa kiganja unaacha. Ukioneshwa mara ya pili unaondoka. Tunazirudia kila asubuhi kwenye zulia, na mimi pia wakinionesha, naacha. Mwalimu Mkuu alizipenda mno. Alileta mpiga picha, watoto wakainua viganja, na picha yenyewe ikabandikwa mapokezi, kubwa kama mlango. Wazazi wapya yeye huwasimamisha hapo, akawaeleza jinsi shule yetu inavyomsikiliza kila mtoto.

Siku hiyo Kijiko alikuwa anajenga gereji kwa vipande vya mbao, na Profesa akakitaka kile kirefu cha paa. Kijiko akatoa kiganja. Profesa akakichukua hivyo hivyo. Kijiko akakirudisha, akatoa kiganja tena, safari hii karibu na pua ya mwenzake. Mimi nilikuwa upande wa pili, nimepiga magoti namfunga mtu kamba za viatu, nayaona yote na siwahi. Profesa akapitisha mkono juu ya gereji, ukuta ukaanguka. Ndipo meno yakatumika.

Kesho yake nikaitwa ofisini. Mwalimu Mkuu ni mama mwenye tabasamu ambalo halimtoki hata akikufukuza kazi. Alikuwa ameangalia kamera ya darasani, kamera isiyo na sauti, peke yake.

"Mtoto ameinua mkono mara mbili kutaka kumpiga mwenzake, halafu akamng'ata," alisema. "Baba yake Profesa yumo kwenye bodi, na ameshaniambia anachotaka. Barua ya kumwondoa iko tayari. Kesho asubuhi mama yake aje asaini."

"Kumpiga? Mama, ile ni ishara! Picha yake iko hapo nje, umeibandika mwenyewe, na aliye mbele kabisa ni huyo huyo Kijiko."

"Usipandishe sauti, mwalimu."

"Sijapandisha bado."

Jioni nilikata vitunguu utadhani vimenitukana. Mume wangu akasimama mlangoni mwa jiko.

"Leo nani kafa?"

Nikamweleza. Akajikuna shingo. "Sasa mke wangu, kibali chetu cha kuishi huku si kinategemea kazi yako? Jikaze tu."

"Nijikaze? Katikati ya mwaka nani atampokea mtoto mwenye barua ya kung'ata? Mama yake anafua mashuka ya hospitali, hana ndugu hapa wala jirani wa kumwachia. Mtoto akiondoka, na kazi ya mama imeondoka."

Akachukua kisu mkononi mwangu, akaendelea kukata yeye. "Basi angalau usiwapigie 'ala' wakubwa."

Asubuhi Mama Kijiko alikuja na sare yake ya kazi, vidole vimechujuka kwa dawa ya kufulia, akakaa ukingoni mwa kiti. Lugha ya shule anaijua kwa salamu tu. Nikauliza mkalimani yuko wapi. Mwalimu Mkuu akasema kwa saini moja tu hakuna haja. Barua ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Nilihisi masikio yanawaka.

Baba Profesa aliingia amemshika mwanawe mkono. Si mtu mbaya, nasema kweli. Macho yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi.

"Ninaye huyu mmoja tu, mwalimu," aliniambia. "Mmoja!"

Kisha akampandisha mtoto mkono wa shati, akaubana mkono wake juu ya meza ili tuone. "Tazameni! Mama yangu ameona, daktari ameona, hata mlinzi wa getini ameona. Hiki ni kitu gani?"

Alama yenyewe ilikuwa imeshafifia. Nilikuwa naangalia mkono mwingine wa Profesa, ule uliokuwa huru. Uliinuka. Kiganja mbele, vidole juu.

Baba hana habari. Akamgeuzia Mama Kijiko ule mkono aliokuwa ameushika. "Na wewe, tazama kazi ya mwanao!"

"Baba," nikasema, "mwachie mtoto mkono."

"Subiri nimalize."

"Mwachie, nakuomba. Anakwambia."

"Ananiambia nini? Hajafungua mdomo!"

Kiganja kikainuka tena, mara hii karibu na kidevu cha baba. Baba akakishusha bila kukitazama, kama mtu anayefunga droo. "Tulia. Wakubwa tunaongea."

Profesa akainama, akamng'ata.

Alimng'ata sawasawa, kwenye mnofu wa chini ya kidole gumba. Baba akapiga ukelele, akaruka, kiti kikaanguka. Nami, pamoja na maonyo yote ya mume wangu jikoni, ikanitoka: "Ala!" Profesa papo hapo akakaa chini kwenye zulia la Mwalimu Mkuu, miguu ameikunja, mikono mapajani.

"Wewe! Umeingiwa na nini?" baba akauliza, anapuliza mkono wake.

"Nilikwambia," Profesa alijibu, machozi yanamlenga. "Nilikwambia mara mbili."

Mama Kijiko, ambaye tangu aingie hakuwa ameelewa hata nusu ya yaliyosemwa, hilo la kiganja na meno alilielewa. Aliisukuma kalamu mpaka upande wa pili wa meza.

"Haya," nikamwambia Mwalimu Mkuu, na hapo sauti nilikuwa nimeipandisha kweli. "Tuandike na barua ya huyu. Kamera hata humu ofisini unayo. Ameinua mkono mara mbili kutaka kumpiga baba yake, halafu akamng'ata. Andika!"

Tabasamu lilimtoka. Ilikuwa mara ya kwanza nauona mdomo wake bila tabasamu.

Baba Profesa aliutazama mkono wake kwa muda, kisha akachuchumaa, akamshusha mwanawe mkono wa shati na kumfunga kifungo. "Hakuna barua ya mtu yeyote," alisema taratibu, wala hakumtazama yeyote kati yetu.

Kijiko alibaki. Siku hiyo hiyo gereji ilijengwa upya na wote wawili, wakagombania paa, kiganja kikatoka, Profesa akaacha. Mama Kijiko alirudi kwenye mashuka yake.

Ila ile barua haikuchanwa, nataka ieleweke. Nilimwona kwa macho yangu Mwalimu Mkuu akiirudisha kwenye droo na kufunga kwa ufunguo. Hakumwomba radhi yule mama. Kila nikipita mlangoni kwake hasira zinanipanda upya, nasimama, namwinulia kiganja. Naye, mpaka leo, hunipungia mkono akidhani namsalimia.