Kabla Msimu wa Kulungu Haujafunguliwa

Kwa maelezo ya Bi Lorraine, jirani, mambo yalikwisha jana. Alisema ameona mwenyewe kwenye televisheni: wakubwa wa bunge la jimbo kule Lansing wameirekebisha sheria ya bima ya magari, ile inayomhudumia majeruhi bila kuuliza nani aliyekosea, na saa za kumuuguza Dell walizozikata zimerudi zote. Alikuja na keki ya tufaha kabisa.

"Waliopiga kura ni Seneti tu," Krista alimwambia, huku akimgeuza kaka yake, Dell, ubavu wa pili. "Bado lile baraza jingine la bunge."

"Kwani Seneti si ndio wakubwa?"

"Wakubwa, ila hawatoshi."

"Basi keki tule, au nayo isubiri baraza?"

Dell alicheka kwa macho. Sauti yake aliiacha kwenye ajali ya gari, barafuni.

Sheria ilipobadilishwa mara ya kwanza, bima ilipunguza saa za kumlipa ndugu anayemuuguza majeruhi nyumbani, na kampuni ya wauguzi waliokuwa wakimsaidia Krista ikafunga. Marekebisho yalikuwa mistari michache: walioumia kabla ya mabadiliko wabaki na huduma yao ya zamani. Yasipopita, Dell angehamishiwa makao ya wagonjwa mbali kaskazini, ng'ambo ya daraja kubwa. Na mistari hiyo ilikuwa imekaliwa na mtu mmoja, mheshimiwa Terpstra, mwenyekiti wa kamati ya bima katika baraza lile jingine, ambaye hakuwa ameiita kamati ipige kura. Juma lililofuata msimu wa kuwinda kulungu ungefunguliwa, na bunge lingefungwa watu waende porini.

Jumamosi, Terpstra alipokuwa akinywa kahawa na wapiga kura mgahawani, Krista alimsukuma Dell kwa kiti chake hadi kwenye meza ile, akamwomba mheshimiwa ayapitishe marekebisho. Mheshimiwa alishavaa kofia ya kuwindia ya rangi ya machungwa.

"Dada, hayo ni masuala ya kiufundi, yana utaratibu wake," alisema. "Bima ikipanda, wenye magari watanijia juu mimi."

Kabla Krista hajajibu, Dell aliinua kiganja taratibu. Jimbo lao lina umbo la mkono, na kila mtu huonyesha kwao hapo hapo kiganjani, kama kwenye ramani. Kidole cha mkono wa pili kikatua chini kidogo ya ncha ya kidole cha mwisho.

Terpstra aliinama. "Unawinda huko?"

"Aliwinda, hadi ajali," Krista alisema.

Mheshimiwa akaweka kikombe chini, akainua kiganja chake na kugusa karibu na pale pale. "Mimi niko hapa. Mto tu ndio unatutenganisha, ndugu yangu. Ulishapata dume la maana?"

Dell alitanua mikono kadiri ilivyoweza, akionyesha upana wa pembe.

"Mwongo kama wawindaji wote," Terpstra alisema, akacheka. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu naye.

Krista alingoja kicheko kiishe.

"Basi iite kamati kabla hujaenda mtoni, mheshimiwa. Utaiita?"

Terpstra alivua kofia, akaiweka mezani. Alikuwa bado anakitazama kiganja chake, na Krista, aliyezoea kungoja, akavuta kiti cha pili, akaketi.