Waridi la Luqmani

Najat alirudi kutoka Kigombe, alikokwenda kumuuguza dada yake, na hata shikamoo kwa mama mkwe haikumtoka. Macho yalikwenda moja kwa moja kwenye waridi la jangwani lililokuwa uani. Akalibonyeza shina. Kidole kikazama.

Waridi hilo, lenye shina nene na maua mekundu, mumewe Luqmani alilipanda kwa mbegu mwaka waliooana. Luqmani yuko kaburini tangu mwaka jana, mtoto hakuacha, na nyumba nzima hapo Usagara haina kingine kilichotoka mikononi mwake na bado kinakua. Basi usimshangae mwanamke kuhangaikia mmea.

Akakipangusa kisu kwa spiriti, akavaa mfuko wa plastiki mkononi maana utomvu wa mmea huo ni sumu, akakata. Ndani kahawia. Akapanda juu kidogo, akakata tena. Kahawia, na harufu ya kuoza. Shina zima lilikuwa limekwisha.

Bi Mwanasiti, mama mkwe, alisimama mlangoni na kopo lake la udhu, akakiri bila kuulizwa. Aliona majani yamepukutika, huruma ikamshika, na kila alipotawadha alilimwagia maji yaliyobaki. Hasira ilimpanda Najat. Si alimweleza waziwazi kwamba kipupwe kikiingia waridi hili hupumzika, na maji ndiyo yanayoliua?

"Nilikuambia limelala, mama. Nilikuambia usiliguse."

"Hospitalini nako waliniambia Luqmani amelala," alisema Bi Mwanasiti. "Nikaja nyumbani kumpikia uji, kumbe keshakufa. Safari hii sikuweza kukaa tu."

Kisu kikasita. Hilo Najat hakuwahi kuambiwa. Hasira haikuondoka, tusidanganyane, ila ilikosa pa kukaa. Akarudi kwenye matawi. La kwanza, doa la kahawia katikati. La pili, doa. Akazidi kukata, na kila kipande kilichoanguka kilimchoma. Bi Mwanasiti akaweka kopo chini, akaja kumshikia tawi la mwisho. Machozi yalimtoka, akainua mkono ajifute, na Najat akaudaka kabla utomvu haujafika machoni.

Akamwosha mikono kwanza. Kisha akakata.

Nyama nyeupe tupu, kama nazi. Tawi lenyewe halikuzidi urefu wa kiganja. Najat akapaka majivu kwenye jeraha, akaeleza kwamba litakaa kivulini hadi likauke, kisha litachomekwa mchangani, na hapo hakuna la kufanya ila kungoja.

"Litapona?" aliuliza Bi Mwanasiti.

Najat alikuwa na jibu tamu mdomoni, lile ambalo kila mtu humpa mzee ili atulie. Akalimeza.

"Sijui, mama. Likifa, nitakuambia limekufa."