Namba Isiyotaja Kwao

Shangazi akiudhika hapigi kelele, anapangusa. Asubuhi ile alikuwa ameipangusa meza ya ofisi mpaka inateleza. Chumba cha pili mashine za kuangulia vifaranga zilinguruma taratibu, mayai yamejaa trei juu ya trei, na zote ziliendeshwa na programu ya mdogo wake wa kiume. Hapo ndipo penye ugomvi. Huyo mdogo mtu alitaka kituo kiandikishwe kwa majina yao wawili, maana programu ni yake. Shangazi akamuuliza yake ipi, na kila kitu ameokota kwa watu? Ndugu mtu akaondoka bila kuaga, na hawajasemeshana tangu hapo.

Sasa akaitwa binti wa kaka yao, mwandishi wa programu kwa kazi yake. Nyumbani wanamwita Bi Kwanini, kwa sababu tangu utotoni hata akiambiwa ale lazima aulize. Shangazi akampa hukumu kabla ya kesi: kikionekana kitu alichobuni huyo Baba Mdogo wake, sawa, kisipoonekana, faili lifutwe leo hii, iwekwe programu ya kununua.

Bi Kwanini akaiagiza Python, lugha iliyoandikiwa programu ile, imtajie majina yote yaliyomo kwenye moduli, yaani lile faili la Baba Mdogo. Yakamiminika hayo, mpaka Shangazi akashtuka na kuuliza kama yote ni ya mdogo wake. Binti akamwambia asiwe na haraka. Moduli ni kama nyumba yenye shughuli, mgeni aliyealikwa kutoka faili jingine anahesabiwa pamoja na wenyeji. Dawa yake ni kuuliza, maana kila fomula, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi fulani, hutembea na jina la faili ilikozaliwa. Basi akaziuliza zote kwao wapi, akaamuru wabaki wenyeji tu.

Hakubaki hata mmoja.

Roho ilimuuma. Baba Mdogo ndiye aliyemfundisha kuandika mstari wake wa kwanza. Lakini ukweli ni ukweli, akausema: hapa hakuna chake. Ungedhani Shangazi angeshangilia. Wapi! Alichukua tena kitambaa, akaipangusa meza ile ile, akasema, "Futa."

Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe, udadisi ukamwasha. Kama vyote ni vya watu, Baba Mdogo alihangaika kuandika moduli ya nini? Si angetumia vya watu moja kwa moja? Ndipo alipoona upumbavu wake. Swali lake lilijibika na fomula, lakini namba tupu haina kwao pa kutaja, na yeye alikuwa amewatupa nje wote walionyamaza. Akalifungua faili, akalisoma kwa macho, jambo ambalo angelifanya mwanzo kama si kujifanya mjanja.

Katikati ya vitu vya kuazima palikuwa na mstari mmoja: marekebisho ya mashine ya tatu, sifuri nukta tisa. Joto lililosomwa na mashine hiyo liliongezwa nukta tisa ya digrii kabla ya mashine kuamua kama iwashe moto.

Kwa nini ya tatu peke yake? Akachukua kipimajoto cha kioo kabatini, akakilaza katikati ya mayai, akafunga mlango. Shangazi alisimama nyuma yake akimpumulia shingoni. Walipokitoa, kioo kilisoma joto zaidi ya mashine, kwa nukta tisa ile ile. Mashine ilikuwa ikijidanganya kwamba ina baridi. Bila ile namba ingezidi kuwaka, na vifaranga wangefia ndani ya maganda. Programu ya kununua ingeyajulia wapi hayo?

 Shangazi alichukua simu, akampigia mdogo wake, ingawa ilionekana wazi hajui aanzie wapi. Simu ikapokewa. Hata salamu hazikuwahi.

"Dada," sauti iliuliza, "mmegusa mashine ya tatu?"

Shangazi machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

"Bado," alisema. "Na haiguswi bila wewe. Njoo na kitambulisho chako, tukaandikishe majina mawili."