Jina la Nne kwenye Karatasi

...hapana, amesema hapana, neno dogo hivyo, na limetoka bila hata kukwama kooni, bwana wa kiwanda cha maziwa amemuuliza kwa Kiswahili chake cha jeshini, "Wewe uko na mtoto mdogo nyumbani?" na Eliane akajibu hapana, mtoto mwenyewe, Aurore, miezi minne na nusu, yuko ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha duka la misumari, mgongoni kwa bibi yake, na bwana ameshaendelea na mengine, laktomita inasoma ngapi kwenye maziwa yasiyotiwa maji, ishirini na nane mpaka thelathini na mbili, anajibu vizuri, hilo ndilo linalomuaibisha zaidi, sauti haitetemeki, ni sauti ya mpimaji aliyesomea Bukavu akafanya kazi maabara miaka sita... kwani amekosa nini, nani atampa mama anayenyonyesha kazi ya kupima maziwa hapa Bwizibwera, wanawake wa kanisani kule kambini, Rubondo, walishamwambia akae kwanza mtoto atambae, na Nestor, mume wake, akangoja tu ashindwe mwenyewe, ni mama mkwe tu, Annonciata, ambaye Eliane alikuwa amejiandaa kugombana naye, aliyesema, "Wende, binti yangu. Haukusomea kuchota maji. Miye nitabeba mutoto," akapanda gari mpaka Mbarara, na jingine mpaka hapa, na goti lake bovu, na shukrani yake ikawa nini, mama, bakini kule ng'ambo, huku kuna vumbi, vumbi gani, lami tupu, alikuwa akimficha mtoto, mama wa watu akaamini na kuvuka barabara akichechemea... na sasa titi la kushoto limeanza kuvuja, kilio hakijafika humu ndani lakini titi limeshajua, anakunja mikono kifuani, blauzi yenyewe ya kuazima kwa Doriane jirani, si sasa, Mungu wangu, si sasa, na bwana anauliza maziwa gani atayakataa hata kama kipimo kinasoma sawa, swali jepesi, "Ya ng'ombe aliyezaa juzi," anasema, "siku za kwanza hatuyapokei, ni ya ndama," na bwana anaitikia kwa kichwa, ameridhika, ni ya ndama, kila mfugaji anajua na hakuna anayemchukia ng'ombe kwa hilo, uso unamuwaka Eliane, amemtetea ndama wa watu mbele ya huyu bwana na wake mwenyewe amemkana... bwana anavuta karatasi kutoka kwenye faili, karatasi ya familia, ile aliyoitoa mwenyewe mlangoni alipodaiwa kitambulisho, maana mkimbizi hana kingine, mjinga gani huyu anayedanganya baada ya kukabidhi ushahidi, majina manne yamepigwa chapa pale, Nestor, yeye, Annonciata, Aurore na tarehe yake ya kuzaliwa, siku mbili alipanga foleni kwenye ofisi za kambi, Base Camp, na mshono wa uzazi haujapona ili hilo la nne liongezwe, asiyekuwa kwenye karatasi hahesabiwi, hana posho wala dawa, na karatasi ilipotoka, Annonciata, asiyejua kusoma, aliomba aonyeshwe ni lipi, akaliwekea kidole, akasema, "Sasa na yeye ni mutu," na leo mama yake amelifuta bila kalamu, kwa ajili ya koti jeupe la maabara, na jioni bibi atauliza, uliwaambia jina lake?... kidole cha bwana kimesimama kwenye jina la kwanza, anasoma taratibu akisogeza midomo, sasa la pili, simu yake iko mezani, inaweza kulia, anaweza kuikunja karatasi akasema karibu kazini, dakika moja iliyopita Eliane alikuwa akiiomba hiyo simu ilie, sasa anaomba isilie, isilie kabisa, shuka, baba, shuka mpaka chini, msome, usiniache nitoke humu nikiwa nimeaminiwa.