Kiti cha Dhamana

Chuoni kulikuwa na kiti kimoja ambacho hakuna mwanafunzi aliyetaka kukikalia, na kila wiki ilikuwa lazima mmoja wao akikalie. Kilikuwa kiti cha mbao tu, chenye mikono miwili na mgongo mrefu. Mwalimu wa Maadili ya Biashara na Wajibu wa Kisheria alikitoa stoo, akakipanguza vumbi na kukiweka mbele ya darasa. Wanafunzi wakakiita Kiti cha Dhamana.

Darasa zima lilikuwa kampuni. Kampuni ilitengeneza ndoo, na ndoo zenyewe hakuna aliyewahi kuziona kwa sababu hazikuwapo. Kila wiki mwalimu aliishushia kampuni balaa jipya. Mara kishikio kimekatika na maji ya moto yamemwagikia mguu wa mteja. Mara rangi imechuja, baba, mama na watoto wanne wametoka bafuni wakiwa kijani. Aliyekuwa kitini wiki hiyo ndiye mkurugenzi, na balaa lilikuwa lake. Pembeni mwa ubao yaliandikwa maneno yaliyopigwa marufuku: "Sikujua", "Nilimwachia msaidizi" na "Kila mtu anafanya hivyo". Aliyetamka mojawapo, darasa lilimpigia kelele, "Fagio!" naye alifagia. Chuo kizima hakikuwa na chumba safi kuliko hicho.

Mwalimu mwenyewe aliitwa na wanafunzi wake jina la utani, nalo lilikuwa Mwalimu Samahani. Aliomba radhi kabla ya kufuta ubao. Siku moja alijigonga kwenye mlango, akauomba radhi mlango. Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba waliokaa nyuma walijifunza kusoma midomo. Lakini walimpenda, kwa sababu hakuwahi kumcheka mtu aliyekosea, na kwa sababu aliwarudishia mitihani yao siku ileile aliyoahidi.

Jumatatu moja Mkuu wa chuo alimwita ofisini.

"Mwalimu, Alhamisi tunakaguliwa. Mkaguzi anapita kwenye masomo yenye mashaka, na lako limo. Mwenzio wa mauzo ameshaniomba hicho kipindi."

"Samahani, Mkuu. Kipindi chote?"

"Chote. Anasema meneja akijua kuuza, hayo mengine yatajileta yenyewe."

"Yatajileta," akasema mwalimu, "yakiwa yameshikana mkono na askari."

"Unasema?"

"Nasema sawa, Mkuu."

Ajira yake ilikuwa ya mkataba, na mkataba ulikifuata kipindi kama mkia unavyomfuata ng'ombe. Somo likifutwa, naye kafutwa. Alitoka ofisini na mzigo huo, akaingia darasani, na hapo ndipo kiti kilipochagua kumwongezea mwingine.

Aliyekuwa kitini siku hiyo ni kijana mwembamba waliyemwita Mkoba. Alitembea na mkoba mkubwa wa ngozi kama bosi wa kampuni kumi, na ndani mlikuwa na kitana na kipande cha mkate. Mkoba aliponyanyuka, kiti kilishusha pumzi. Mwalimu alisubiri wanafunzi watoke, akakiinamia. Mguu wa nyuma, wa kushoto, ulicheza kama jino la mtoto wa miaka saba.

Alijua la kufanya. Angejaza fomu ya matengenezo, ikasainiwe na mtu wa stoo, kisha fundi seremala, kisha Mkuu. Lakini fomu hiyo ilijulikana kwa safari zake: ikishaondoka hurudi baada ya wiki tatu, na kiti huondoka nayo. Alhamisi mkaguzi angekuta kampuni ya ndoo zisizokuwapo ikiongozwa kutoka kwenye kiti kisichokuwapo.

"Baada ya Alhamisi," alijiambia.

Jumatano akakunja karatasi mara nne, akaichomeka kwenye kiungo cha mguu, akaigongomea kwa kisigino cha kiatu. Juu ya kiti akaweka mto mnene alioshonewa na shangazi yake. Kiti kikapendeza. Ukikitazama kwa mbele ungekitamani.

Asubuhi ya Alhamisi, wakinywa chai, alimsimulia shangazi. Shangazi ndiye aliyemlea, alishona nguo za nusu ya mtaa, na hakuwahi kuishiwa methali.

"Mwanangu, usipoziba ufa—"

"Shangazi, ni kiti, si ukuta."

"Haya. Ila mimi nikiona mshono unaachia, simvishi bibi harusi nikamwambia asipumue."

"Wanaokikalia wote ni wembamba, Shangazi. Leo yumo Mkoba tena. Ukimpima na mkoba wake, mkoba ndio mzito."

Shangazi akameza chai yake, asiseme neno, na shangazi asiposema neno ujue kesi imeshahukumiwa.

Saa nne kamili mlango ukafunguliwa. Mkuu aliingia kwanza, suti imebana, akimwongoza mkaguzi. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mrefu, mwenye mwili wa kushiba na uso usiocheka, ameshika ubao wa kuandikia kifuani kama ngao. Kiti cha mgeni kiliwekwa nyuma karibu na dirisha, cha plastiki, kipya. Mama akakitazama, akatazama mbele.

"Nitakaa pale kwenye mto. Mgongo wangu unanisumbua."

Moyo wa mwalimu ukaanguka hadi kwenye soksi.

"Samahani, Mama. Hicho kiti..."

"Kina nini?"

Macho yote yakamgeukia. Jibu lilikuwa fupi: kibovu. Lilimfika kooni, likaangalia huku na huku, likarudi lilikotoka.

"Hicho ni cha... anayewajibika, Mama."

"Vizuri. Na mimi nimekuja kuwajibika." Akakaa.

Kiti kilisema "nggh". Kisha kikanyamaza.

Mwalimu akafundisha, ila kila sentensi ilianzia ubaoni na kuishia kwenye mguu wa kushoto. Mama akiandika, kiti kilitulia. Mama akikuna sikio, kiti kilijibu. Alipopiga chafya, mwalimu alikimbilia kumshika, akajifanya anaokota chaki.

"Mwalimu huyu ana upendo," mkaguzi akamnong'oneza Mkuu.

Ikafika zamu ya Mkoba kujibu balaa la wiki. Alisimama kando ya kiti, kwa kuwa kiti kilikuwa na mtu.

"Wateja wameoga wakawa kijani," mwalimu akasema. "Mkurugenzi, unafanya nini kwanza?"

Mkoba akakunja uso kwa fikra. "Kwanza, Mwalimu, naenda kuwaona. Pili, sivai shati la kijani."

Wanafunzi wakacheka, na mama mkaguzi, ambaye uso wake haukuwa wa kucheka, akacheka pia. Alicheka kwa mwili mzima, mabega juu, kichwa nyuma. Kiti hakikuandaliwa kwa kicheko. Mguu wa kushoto ulitoka, ukabingirika hadi mlangoni kama unaotafuta njia ya kwenda kwao, na mkaguzi akashuka sakafuni, taratibu na kwa heshima zote, akiwa bado juu ya mto. Ubao wake wa kuandikia ulipaa, ukatua ndani ya ndoo ya takataka.



"Nani?" Mkuu akafoka. "Nani aliyeleta kiti hiki? Mama, nipe mkono! Mama, umeumia?"

"Sijaumia. Usiniguse." Mkaguzi akajiweka sawa juu ya mto, akakunja mikono. "Nimekaa. Sasa hawa ndio mameneja wa kesho, sivyo? Basi nionyesheni. Nani anawajibika?"

Yote waliyofundishwa muhula mzima yakaruka dirishani.

"Mimi sikujua!" Mkoba akasema.

"Fagio!" darasa likaitika.

"Huyo alikikalia Jumatatu," akasema mwingine, "ila sisi sote hukikalia, kila mtu anafanya—"

"Fagio!"

Mwanafunzi aliyeitwa Wakili, aliyependa kesi kuliko chakula, alishapiga magoti kukipindua kiti. Chini yake kulikuwa na karatasi ya chuo iliyobandikwa kwa gundi. Akaisoma kwa sauti ya mahakamani: "Kimekaguliwa. Kiko salama. Tarehe ya wiki iliyopita. Sahihi: Mkuu wa chuo."

Darasa likamgeukia Mkuu kama alizeti.

"Sikilizeni," Mkuu akasema, jasho likimtoka. "Mimi husaini karatasi mia kwa siku. Siwezi kupindua kila kiti. Hiyo kazi nilimwachia mtu wa sto—"

Akajishika mdomo. Walimwonea huruma, lakini sheria ni sheria.

"Fagio, Mkuu," wakasema kwa adabu.

Mkaguzi akamwonyesha Mkuu kwa kidole fagio lilipo. Mkuu akalishika, akasimama nalo kama bendera.

"Na hiki nini?" Wakili akauliza. Alikuwa amechomoa kitu kwenye tundu la mguu, karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua. Akasoma kimoyomoyo, na uso wake ukabadilika.

Mwalimu aliitambua hata kabla haijakunjuliwa nusu. Jumatano alichukua karatasi ya kwanza iliyokuwa juu ya meza, bila kutazama. Ilikuwa mpango wake wa somo, kwa mwandiko wake mdogo wa duara: *Lengo: mwanafunzi aeleze wajibu wa meneja anayeijua hatari na akanyamaza.*

"Imeandikwa nini?" mkaguzi akauliza.

Wakili akamtazama mwalimu. Akamtazama mkaguzi. Kisha kijana huyu, aliyekuwa anaota kuvaa joho la mahakama, akaiweka karatasi yote mdomoni.

"Hakuna kitu, Mama," akasema, akitafuna.

"Unakula nini?"

"Ushah... hapana, Mama. Karatasi tupu. Nina njaa tangu asubuhi."

Mkoba, kwa moyo mwema, akafungua mkoba na kumpa kipande cha mkate cha kusindikizia. Darasa zima likakaza macho kwenye shavu la Wakili, kila mtu akimwombea ameze. Mwalimu akaelewa. Wanafunzi wake kumi na tisa walikuwa wanavunja kila alichowafundisha, kwa pamoja, mbele ya mkaguzi, kwa ajili yake. Akinyamaza dakika moja tu, karatasi itateremka, lawama itabaki kwa Mkuu na mtu wa stoo, na kipindi huenda kikapona. Dakika moja. Maisha yake yote alikuwa hodari wa kunyamaza.

Shingo ya Wakili ikaanza kujiandaa.

"Tema!" akasema mwalimu.

Waliokaa nyuma waliruka. Hawakuwahi kumsikia kwa masikio.

"Tema hiyo karatasi. Ni mimi."

Wakili akatema. Mkate pia ukatoka.

"Mguu niliujua tangu Jumatatu," mwalimu akasema. Sauti ilitetemeka lakini ilifika dirishani. "Niliuchomekea karatasi, nikaufunika kwa mto. Ulipotaka kukaa, Mama, nilikuwa na neno moja la kukuambia, nikaogopa somo langu litaonekana baya. Mkuu hakukitazama kiti, hilo ni kosa lake. Mimi nilikitazama. Langu ni kubwa zaidi."

Hakusema samahani. Ilikuja baadaye kidogo, na safari hii ilikuwa na kazi: alienda akakaa sakafuni, mkabala na mkaguzi, akamwambia, "Samahani, Mama. Ungeweza kuvunjika nyonga."

Mkaguzi akaligeukia darasa. "Mameneja," akaita, "mnasemaje?"

"Kujua na kunyamaza ni kubaya kuliko kutojua," Wakili akasema, akifuta ulimi kwa leso. "Hilo halina utetezi, Mama. Nimelitafuta nikiwa natafuna."

"Lakini amejitaja mwenyewe," Mkoba akasema, "hali ushahidi ulikuwa umebakiza inchi mbili kupotea."

"Hilo halifuti kosa."

"Halifuti. Linapunguza."

Wakabishana robo saa, juu ya wajibu, uzembe, dhamira na nyonga ya Mama, bila mtu kushika fagio ila Mkuu, ambaye alishaanza kufagia kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake. Mkaguzi akaomba aokotewe ubao wake kwenye ndoo, akaupangusa, akaandika akiwa palepale chini.

Kabla ya kuondoka aliwasomea. Mwalimu apewe barua ya onyo, kwa kuhatarisha mgeni. Mkuu apewe yake, kwa kusaini asichokiona, na ahudhurie somo hili hadi mwisho wa muhula, mstari wa mbele. Aliyekula ushahidi afagie hadi mahafali.

"Na somo, Mama?" Mkoba akauliza, kwa kuwa mwalimu hakuthubutu.

"Likifutwa, Mkuu atahudhuria nini?" Akaokota mto. "Huu naondoka nao. Ndio pekee uliofanya kazi yake."

Kiti kilirudi kutoka kwa fundi baada ya siku mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Fomu ilipofika kwa Mkuu, alishuka kwenda karakana, akakipindua, akakitikisa, akakikalia, akainuka, akakikalia tena kwa kishindo hadi fundi akaogopa. Ndipo akasaini.

Jumatatu mwalimu aliingia na barua yake ya onyo. Aliisoma mbele ya darasa neno kwa neno, kisha akaibandika ubaoni, kando ya maneno yaliyopigwa marufuku. Mto mpya shangazi alikataa kushona, akisema kwanza atakuja kukiona kiti.

"Haya," akasema mwalimu. "Wiki hii nani mkurugenzi?"

Hakuna aliyenyanyua mkono. Mstari wa mbele, Mkuu alikuwa anakagua kucha zake kwa bidii sana.

"Mkuu," akaita mwalimu, kwa sauti iliyofika hadi nyuma. "Karibu kitini."